Dada wa Wagonjwa Wote, Isipokuwa Mmoja

Madaktari bado hawajaanza kuzunguka vitanda, na Hasifa Farajala keshamaliza nusu ya kazi yake ya siku. Anamgeuza mgonjwa ubavu, anamfuta mgongo kwa maji ya vuguvugu, anampaka mafuta na kumlaza tena. Hatumii nguvu nyingi. Anapitisha mkono chini ya kiuno, anasubiri mgonjwa avute pumzi, kisha anamzungusha mara moja.

"Pole, dada. Sasa kunywa uji, kidogo tu."

Mgonjwa ni Scholastique, mfanyabiashara wa vitenge kutoka upande wa Kongo, aliyevunjika paja alipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Koboko. Anaonja uji na kukunja uso.

"Hii uji haina sukari. Miye niko mugonjwa, siko mufungwa."

Muuguzi mgeni wodini anapita na kuuliza, "Mama, wewe ni nani ya huyu mgonjwa?"

"Mimi dada yake," anajibu Hasifa bila kugeuza shingo.

Scholastique, mwenye rozari shingoni, anamtazama Hasifa aliyejitanda hijabu mpaka kiunoni. "Ndiyo, dada yangu kabisa. Baba moja," anasema, na wote wawili wanabana kicheko.

Hasifa anabeba beseni lake hadi kitanda cha karibu na dirisha, alikolala mwanamke mrefu, mwembamba, tumbo limefungwa bandeji. Muuguzi yule anauliza tena. "Na huyu?"

"Huyu simjui sana. Mimi napikia yeye tu."

Hayo mawili yote si kweli. Scholastique si ndugu yake hata kwa mbali. Aliye kitanda cha dirishani ni Kadijah, mtoto wa baba yake mzazi, mdogo wake aliyemlea mgongoni. Ukichanganyikiwa, msomaji, hauko peke yako. Hasifa mwenyewe anakiri kwamba siku hizi akiamka hukaa kwanza kitandani akijikumbusha leo yeye ni nani na kwa nani.

Hasifa ana umri wa miaka hamsini na mitatu na anaishi Oli, mjini Arua, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Ni Mnubi, babu wa baba yake alikuja na jeshi kutoka Sudan na hakurudi. Kazi yake haina jina rasmi. Wagonjwa humwita "atenda", na wenzake humtania kuwa ni ndugu wa kukodi.

Katika hospitali hii ambayo hatutaitaja, kama ilivyo katika nyingi za aina yake, mgonjwa huja na mtu wake. Huyo mtu ndiye achotaye maji, apikaye, afuaye shuka, akimbiaye duka la dawa nje ya geti, apelekaye damu maabara na kumwita muuguzi dripu ikikaribia kwisha. Wauguzi ni wachache na vitanda havihesabiki. Asiye na mtu hulala akitazama dari, na akiwa na bahati jirani humtupia jicho.

Ndivyo Hasifa alivyoanza. Alikuwa akimuuguza mama yake, Mama Medina, aliyekuwa na kisukari. Kitanda cha mbele yao alilala mwanamke kutoka Logiri, hana mtu. Siku moja dripu yake iliisha na damu ikaanza kupanda kwenye mpira. Hasifa akakimbia kumwita muuguzi.

"Akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema, mimi jirani ya kitanda. Akasema, mimi nataka ndugu ya mgonjwa, kuna maneno ya kuambia ndugu. Nikaangalia ile damu. Nikasema, basi, mimi ndugu."

Neno lile lilimtoka bila yeye kulipanga. Mama Medina alipofariki, yule mwanamke wa Logiri alikuwa amepona, na watu wa kwao wakampa Hasifa sabuni, karanga na shukrani nyingi. Wiki iliyofuata mtu mwingine alimtafuta. Leo hulipwa shilingi elfu kumi kwa siku na wale wanaoweza. Wasioweza huwauguza vivyo hivyo, akinung'unika.

Ukoo wake ukawa unapanuka. Kuna siku alikuwa dada wa Mkongomani katika wodi moja, shangazi wa binti wa Kimadi katika ya pili, na mama mkwe wa mzee wa Kilugbara katika ya tatu. Kwa bahati mbaya muuguzi Rosa Kiden, msimamizi wa wodi ya upasuaji ya wanawake, siku hiyo alikuwa akizunguka zote tatu.

"Mama Hasifa," Rosa alimwambia, "hii ukoo yako ni kubwa kupita Uganda."

Walicheka. Rosa alijua, na Hasifa alijua kwamba Rosa anajua. Ilimradi mgonjwa ameoshwa na amekula, nani angejali?

Kisha likaja jambo la mguu. Kijana mmoja kutoka shambani alilazwa na mguu ulioanza kuoza, na aliyekuwa akimuuguza alikuwa atenda wa kukodi kama Hasifa. Madaktari walimtaka ndugu akubali mguu ukatwe. Atenda akakubali, na kijana akapona. Siku chache baadaye wajomba zake wakaja na kuketi getini wakiwa wamenuna.

Kwa watu wengi wa huku, mwili wa mtoto una wenyewe, na upande wa mama una neno zito kuuhusu. "Nani alitoa mguu ya mutoto yetu?" waliuliza. Walitaka wamwone huyo aliyesema ndiyo, na walitaka mguu wenyewe wakauzike kwao. Hawakuondoka mpaka wakubwa wa hospitali waliposhuka kuomba radhi.

Tangu hapo ikatangazwa kwamba wa kulisha na kuosha anaweza kuwa yeyote, lakini hakuna kisu kitakachomgusa mgonjwa asiyejiweza bila ndugu yake wa damu kukubali. Hasifa aliposikia alisema ni haki. Hata yeye asingependa mtu wa kukodi akubali kukatwa mguu wa mwanawe. Hakujua kwamba haki hiyo ingemrudia yeye mwenyewe.

Simu ilimkuta jikoni kwa wagonjwa, nyuma ya wodi, akipuliza mkaa. Alikuwa Candia, jirani wa dada yake huko Dranya. Kadijah, mjane anayelima muhogo na simsim, alikuwa ameshikwa na tumbo tangu juzi. Kituo cha afya cha Koboko kilisema aletwe Arua haraka, na pikapu ya mihogo ilikuwa imeshaondoka naye.

"Mpokee getini," Candia alisema, na mtandao ukakatika.

Pikapu ilimfikisha Kadijah getini. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayaoni mtu. Ukimwita anaguna tu. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Hasifa aliligusa mara moja akajua hapa hakuna mchezo. Alivuta machela, akamwinua dada yake, dereva akimsaidia kabla ya kuendelea sokoni, akamwingiza, akamtafutia kitanda, akakimbia dukani kununua dripu na kanula yake ya mshipani, akarudi, akamuuliza muuguzi anataka glovu za saizi gani. Yote haya kabla daktari hajafika.

Daktari Natale, kijana aliyehamishiwa hapa majuzi, alimpima na kusema utumbo umejisokota. Lazima apasuliwe leo, tena mapema, la sivyo utumbo utakufa na yeye atakufa nao.

"Ndugu yake yuko wapi?"

"Ni mimi, dokta. Mimi dada yake."

Rosa Kiden, aliyekuwa pembeni akiandaa sindano, alitabasamu kidogo. Halafu akaona uso wa daktari, tabasamu likaisha.

"Mama Hasifa, leo si ya kucheza. Huyu anaenda kwa kisu."

"Sista, huyu ni dada yangu wa kweli. Haki ya Mungu. Tuko baba moja."

"Na ule wa jana?"

"Ule wa jana ni wa uongo."

"Na wa juzi?"

"Huyo pia wa uongo. Lakini huyu ni wa kweli!"

"Mama," alisema Rosa, na sauti yake haikuwa ya ubaya, "hata ule wa juzi uliniapia."

Hasifa alitoa kitambulisho chake cha taifa na kile cha Kadijah, alichokitoa kwenye fundo la leso ya mgonjwa. Badala ya kusaidia, vikazidi kumchafulia. Chake kimeandikwa Farajala, Mnubi, Arua. Cha Kadijah kimeandikwa Hamuza, jina la marehemu mumewe, Mkakwa, Koboko. Mama zao walikuwa wawili, mmoja Mnubi wa Oli, mwingine Mkakwa wa Kuluba, na kila binti alichukua sura ya mama yake. Mmoja mfupi wa maji ya kunde, mwingine mrefu mweusi tititi. Daktari alizitazama zile picha mbili, akavirudisha vitambulisho.

Hasifa akampigia Shafiki, mtoto pekee wa Kadijah, anayepakia malori Juba. Simu imezimwa. Akampigia Candia, hapatikani.

"Nikamwambia Rosa, wewe umenijua miaka mingi, niangalie macho. Akaniangalia. Akasema, ndugu ya kweli anakuja analia, Mama Hasifa. Wewe umekuja unauliza saizi ya glovu."

Anaposimulia hapo, Hasifa anakwangua ukoko kwenye sufuria ambayo haina ukoko.

"Na ni kweli. Sikulia. Nilitafuta machozi, hayako. Mikono tu ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Nikaanza kujiuliza, labda huyu si dada yangu. Labda mimi nimeshikwa na kazi mpaka sijui."

Alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Watu wasiomhusu aliwapata kwa neno moja, na wa damu yake ananyimwa mbele ya macho yake. Rosa hakuwa mkatili, aliwaogopa wajomba wa geti na mwajiri wake. Daktari alikuwa akitazama saa. Kadijah alikuwa akipumua kwa kukatika.

Hasifa alitoka mbio mpaka jikoni. Huko alimkuta Filda, mwanamke wa Kilugbara, atenda mwenzake ambaye kazi yake ni wodi ya watoto na hajulikani sana upande wa upasuaji. Alikuwa akikoroga maharage.

"Filda, nataka wewe uwe dada yangu. Hapana. Uwe dada ya dada yangu."

"Na wewe utakuwa nani?"

"Mimi sitakuwa mtu."

Filda aliweka mwiko chini. "Mimi Mulugbara, Mama Hasifa. Shingoni niko na msalaba. Watakubali namna gani?"

"Wewe lia tu."

Filda alivua ndala akazishika mkononi, akalegeza kitambaa cha kichwa kikaning'inia begani, akaanza kulia tangu kwenye korido. Alilia kwa Kilugbara, akalia kwa Kiswahili, akapiga mapaja, akataja jina la Kadijah alilofundishwa dakika hiyo hiyo. Watu walimpisha njia. Mhudumu alimletea kiti. Daktari Natale alimshika mkono akamweleza taratibu, na Filda, katikati ya kwikwi, akasema ndiyo, mpasueni dada yangu, Mungu awasaidie. Hakuna aliyemuuliza kitambulisho.

Hapo ndipo mtu anashindwa kujua acheke au alie. Ndugu wa kweli hakuaminiwa kwa sababu alijua kuuguza. Wa uongo akaaminiwa kwa sababu alijua kulia.

Rosa alikuwa ametangulia chumba cha upasuaji. Alipotoka kupokea machela alimwona Filda, na yeye Rosa alimjua, kwani alishafanya zamu wodi ya watoto. Alimtazama sana. Kisha akamtazama Hasifa, aliyekuwa amejibanza mlangoni na jerikeni.

"Haya," alisema Rosa. "Tuingie."

Filda aliketishwa kwenye benchi la ndugu, karibu na mlango. Hasifa, kwa kuwa si mtu, aliambiwa akachote maji. Alichota upesi akarudi kusimama ukutani. Alijua desturi ya pale, habari ikitoka, njema au mbaya, itakwenda kwanza kwa yule aliye kwenye benchi.

"Nilikuwa naangalia uso ya Filda tu. Nilisema, akilia, nitajua dada yangu ameenda. Lakini Filda tangu mwanzo analia! Hakuacha. Mutu akipita analia, mutu akifungua mlango analia. Nikamfuata, nikamwambia polepole, Filda, mama yangu, nakuomba acha kulia sasa, sijui tena ni ya kweli ama ni ya kazi."

Filda alifuta uso akanyamaza. Hasifa anasema ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kilio.

Kadijah alitoka mzima. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekatwa, kingine kimeshonwa, naye akalazwa karibu na dirisha. Daktari alimpongeza Filda. Filda alimshukuru daktari. Hasifa alileta shuka.

Alipozinduka vizuri, Kadijah alimwona Hasifa, akataka kumwita kwa lile jina la utotoni. Hasifa alimziba mdomo kwa mkono wake. Alimweleza kila kitu kwa kunong'ona, zaidi ya mara moja, maana mgonjwa mwenye dawa kichwani hawezi kuelewa kwa nini dada yake si dada yake na mwanamke asiyemjua ndiye dada yake. Hasifa aliogopa mambo yakijulikana Filda atafukuzwa, Rosa atapata shida kazini, na dada yake ataachwa na kidonda kibichi huku wakubwa wakibishana.

"Wakikuuliza, sema hunijui," alimwambia.

Siku moja daktari Natale, akizunguka vitanda, alisimama pale. Huenda alikuwa amegundua kwamba mpishi huyu haondoki kamwe, ilhali dada mwenyewe huja akipenda. Alimuuliza Kadijah, "Mama, huyu unamjua ni nani?"

Kadijah alimtazama Hasifa.

"Simjui," alisema. "Lakini anapika vizuri."

Lilikuwa jibu alilofundishwa, tena alilisema vizuri. Hasifa alibeba shuka chafu akaenda nazo mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo. Huko machozi yakamtoka, mengi, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nepi akamuuliza kama amefiwa. Hasifa akasema ndiyo, halafu akasema hapana.

Rosa Kiden hapendi kuongea mengi kuhusu jambo hili, ila amesema haogopi jina lake kuandikwa. "Mimi naona mgonjwa amepona," anasema. "Sheria ilitaka ndugu, na ndugu alikuwa pale." Alipoulizwa kama anaamini sasa kwamba Hasifa ni dada wa Kadijah, alijibu: "Naamini. Lakini kesho akiniletea mwingine akaapa, unaniambia nifanye nini?"

Hasifa hakatai kwamba sehemu ya lawama ni yake. Ila anauliza, angefanyaje siku ile damu ya mwanamke wa Logiri ilipokuwa ikipanda kwenye mpira? Angebaki jirani wa kitanda? "Kama ningesema kweli siku ile, yule mama angekufa. Kwa sababu nilisema uongo, dada yangu alikuwa karibu kufa. Sasa kweli ni nzuri ama mbaya? Kichwa yangu inazunguka."

Asubuhi hii daktari Natale amekuja na habari njema. Kadijah ataruhusiwa kesho. Filda ameitwa kutoka wodi ya watoto, amesimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, anasikiliza maelekezo ya ndugu. Kidonda kisiguswe na maji. Chakula laini kwanza. Asibebe kuni wala jembe. Homa ikimpanda au tumbo likivimba tena, arudishwe siku hiyo hiyo.

Hasifa yuko dirishani, anaosha sahani ambayo imeshatakata. Filda anamtupia jicho la pembeni.

"Dokta," anasema Filda, "samahani, kichwa yangu ni ngumu. Rudia tena, polepole. Na sauti kubwa kidogo."

Daktari anarudia. Hasifa anaacha kuosha, midomo yake inafuata kila neno.

Ameomba habari hii ichapwe dada yake akishafika nyumbani, nasi tumekubali. Ataenda naye Dranya na kukaa huko mpaka kidonda kikauke na simsim ivunwe. Kisha yeye, Filda na wenzao wanataka kwenda pamoja kwa wakubwa wa hospitali, waombe kutambuliwa wazi kama watu wa kukaa na wasio na watu, bila kulazimika kuwa dada wala shangazi wa yeyote. Hajui watasikilizwa au watafukuzwa. Scholastique, aliyelisikia hilo kutoka kitandani kwake, ameapa kwamba akipata kusimama atakwenda nao na magongo yake.

Tunamuuliza Hasifa, wakikubali, ni kitu gani hasa angetaka kibadilike. Anakausha mikono kwenye leso.

"Kila siku wananiuliza, wewe nani wa mgonjwa? Nimechoka. Hata mimi sijui tena," anasema. "Nataka siku moja waniulize kitu ingine. Waniulize tu: amekula?"